Sekunde Sita za Kumekucha

Mimi ndiye ninayefungua redio asubuhi. Nafika saa kumi na moja kasorobo, namwamsha mlinzi ambaye kila siku anakataa kwamba alikuwa amelala, nawasha mitambo, naketi. Ikitimu saa kumi na moja na nusu nabonyeza kitufe kimoja na watu wanaanza kuimba: "Kumekucha, Kusini, kumekucha." Sekunde sita. Kisha nafungua maikrofoni na kusema habari za asubuhi kwa Masasi nzima, na kwa ile sehemu ya Newala ambayo mawimbi yetu huifikia siku yakijisikia.

Kipande hicho cha wimbo wenzangu wanakiita jingo. Mimi nilikulia Chiwata, mama yangu alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na nyumbani kwetu kitu kilichoimbwa kiliheshimiwa, kwa hiyo nakiita kibwagizo. Vijana wa studio wananicheka. Wacha wacheke, ndio haohao wanaokula chipsi juu ya meza ya kuchanganyia sauti.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, asubuhi moja kabla sijafungua maikrofoni, kwaya ilipomaliza kuimba nilijikuta nimesema, "Shikamooni." Nilisema kwa sauti, peke yangu, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai kuta zote nne. Nikaona aibu. Kesho yake nikasema tena. Sasa ni miaka kumi na sita, na sidhani kama niliwahi kukosa, hata wiki ile niliyokuwa na malaria na sauti haitoki vizuri. Mume wangu alikwenda Tunduru kutafuta madini, akapata na familia hukohuko. Binti yetu ameolewa Dodoma, hunipigia Jumapili akipata nafasi. Basi watu wa kwanza niliowaamkia kila siku walikuwa wale waimbaji. Ni upweke, sina jina lingine la kuupa.

Na niliwajua. Nilikuwa nimewahesabu kwa sikio: watu sita, pengine saba. Kulikuwa na besi mmoja mnene anayeimba kama bado anatafuna kitu. Kulikuwa na wanawake wawili wa sauti ya kwanza, wanaopendana na kuoneana wivu. Na nyuma yao mwanamke mmoja wa sauti ya pili, anayejizuia, asiyetaka kusikika kuliko wenzake, kama alivyokuwa akiimba mama. Halafu kulikuwa na mwangwi. Si ule wa kompyuta. Ulikuwa mwangwi wa baridi, wa mahali penye kuta nene, nikajiambia hawa wamerekodia kanisani, siku ya kazi, watu wakiwa shamba.

Mjini hawaniiti kwa jina langu. Mimi ndiye ninayesoma matangazo ya vifo, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo naitwa Mama Tanzia. Nikienda sokoni kununua mchicha, muuzaji ananitazama usoni kwanza. "Mama, leo nani?" Watu wananipenda, sikatai, ila hakuna anayetaka niketi kwake muda mrefu. Ninakoishi, Mkomaindo, karibu na hospitali, niliwahi kubisha hodi kwa jirani kuomba chumvi na mama wa watu akaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Tangu siku hiyo nanunua chumvi ya akiba.

Mwezi wa nne mwaka huu meneja wetu alituita wote. Ni kijana mwenye adabu, ananiamkia kila siku, na ndiyo maana nashindwa kumchukia ipasavyo. Alituchezea vibwagizo vipya vilivyotengenezwa Dar es Salaam. Kompyuta inapiga ngoma, kitu kinapasuka, halafu mwanamume ananguruma jina la redio kama amebanwa vidole na mlango. Vijana walishangilia. Meneja akasema kuanzia mwezi wa saba vya zamani vyote vinafutwa. Vina mikwaruzo, vinatuaibisha.

Nilimfuata ofisini. Nikamwomba kile kimoja cha kufungulia redio kibaki. Vingine vyote viende, sina neno, lakini kile cha alfajiri kibaki.

"Mama, kina mikwaruzo mno. CD yenyewe imechoka."

"Nikikuletea kilichorekodiwa upya? Kisafi, wimbo uleule?"

Akatabasamu. "Tutaona, Mama."

Yeyote aliyewahi kuomba kitu ofisini katika nchi hii anajua tutaona maana yake nini. Mimi najua kuliko wengi, maana nimeambiwa hivyo kuhusu kiti kipya cha studio tangu enzi za mameneja wawili waliopita. Lakini siku ile nilitoka mle ofisini nikiwa nimeamua kutojua.

Mhasibu wetu, ambaye amekuwapo tangu redio inaanza, ndiye aliyenielekeza. Kibwagizo kilitengenezwa na mzee mmoja wa Newala, fundi mitambo mstaafu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye redio kubwa Dar, kisha akarudi kwao. "Ukifika stendi uliza kwa fundi wa sauti," akasema. Nikamuuliza kama kwaya yake nayo iko hukohuko. Akanikazia macho. "Kwaya gani?" Nikadhani masikio yake yameanza kuchoka.

Nilipanda Newala Jumamosi moja katikati ya mwezi wa tano. Mvua zilikuwa zimeshakwisha, barabara imekauka, majani bado mabichi. Gari lilipomaliza mlima hewa ikawa nyingine, nikajifunga khanga mabegani. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya namna nitakavyowasalimia wale watu sita. Nilikuwa nimenunua biskuti pakiti sita.

Nyumba ilikuwa ya bati, ndogo, ua umefagiwa. Nikabisha hodi. Mlango ukafunguka nusu na mzee mwembamba aliyevaa sweta akatoa kichwa.

"Hiyo sauti naijua," alisema. "Wewe si yule wa vifo?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Alishika fremu ya mlango. "Haya, sema. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mzee. Nimekuja kuitafuta kwaya yako. Ile ya Kumekucha."

Alinitazama, akaangalia mfuko wangu wa biskuti, kisha akaanza kucheka mpaka akaketi kizingitini. "Kwaya," alisema. "Mwanangu, kwaya nzima ndiyo hii." Akajigonga kifua.

Akanieleza, mimi nikiwa bado nimesimama na biskuti zangu. Alikuwa na redio kaseti mbili. Aliimba besi, akairekodi kwenye moja. Akaipiga ile besi na kuimba sauti ya tatu juu yake, zote mbili zikaingia kwenye kaseti ya pili. Akazipiga hizo, akaongeza nyingine, akarudi tena kwenye ile ya kwanza, mpaka sauti zote zikapatikana.

"Na wale wanawake?"

"Wanawake ni mimi nimebana koo."

Nilikasirika. Sina sababu ya kuficha. Miaka kumi na sita nimewaamkia watu sita kumbe ni mmoja. Nilikuwa nimefiwa na watu watano kwa mpigo, na hao hapakuwa na wa kunitangazia. Nikamuuliza kwa ukali, kana kwamba alikuwa amenikosea, kwa nini hakutafuta waimbaji wa kweli, Newala imejaa kwaya.

"Niliwatafuta," alisema. "Wazuri sana. Lakini kila mmoja alitaka ubeti. Sekunde sita hazina ubeti, mwanangu. Nikaona nisiwasumbue."

Alinikaribisha ndani, akanipa chai, na tukala biskuti za kwaya yake. Na hapo ndipo hasira zilipoanza kunitoka, maana mzee alianza kuzungumzia kazi. Sijawahi kumsikia mtu akiizungumzia kazi yoyote namna ile. Alisema walipokuwa Dar, utepe ulikatwa kwa wembe. Unasikiliza, unaweka alama kwa penseli, unakata, unaunganisha kwa gundi. Walikuwa wakikata hata pumzi za waimbaji. Jioni sakafu ya studio ilijaa vipande vya pumzi za watu, mfagiaji akavizoa. Alisema wimbo mtu anausikiliza akipenda, lakini kibwagizo anakisikia apende asipende, kila siku, akiwa na njaa, akiwa amegombana na mkewe, akiwa na msiba. Kwa hiyo anayekitengeneza anatakiwa amwonee huruma huyo mtu. Kisiwe kitamu sana, kitamu kinakinaisha. Kisijisifu. Na kisimalizike.

"Kisimalizike vipi?"

Akaimba kwa sauti ndogo, "Kumekucha, Kusini, kumekucha," akaniuliza kama nasikia pale mwisho. Nilisikia. Nikamwambia mama yangu, mwalimu wa kwaya, alinifundisha nota nikiwa sijui kusoma. Wimbo haukurudi kwenye do, pale unapopumzika. Ulibaki umening'inia juu, kwenye so, kama mtu aliyesita mlangoni.

"Ningefika do, mtangazaji angekuwa amefungiwa nje," mzee akasema. "Pale nimemwachia nafasi. Akisema habari za asubuhi, yeye ndiye anayemalizia."

"Ulikuwa unanijua mimi?"

"Ningekujuaje? Nilimwachia mtu yeyote atakayekuja."

Nilitazama kikombe changu cha chai. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye niliyewapokea wale waimbaji kila asubuhi. Nilikuwa natangaza majina ya watu asubuhi na jioni, walizaliwa wapi, watoto wangapi, mazishi saa ngapi, na hakuna siku hata moja redio yetu ilikuwa imemtaja mtu aliyenitengenezea mahali pa kuketi. Nilimwambia hivyo. Akasema hajawahi kutajwa popote, hata kule Dar, wala wenzake hawakutajwa, na wale waliorudi huku Kusini nimeshawasoma mimi mwenyewe saa moja asubuhi bila kujua walikuwa nani.

Nikamwomba arekodi upya. Akasimama, akanipeleka uani kunionyesha studio.

Mtu ambaye hajaishi Newala nimweleze. Juu kule hakuna mto, maji ya asili yako chini kabisa bondeni, na ya bomba yanakuja yakikumbuka. Kwa hiyo mwenye nyumba ya bati anachimba tangi uani, analisakafia kwa saruji, na maji ya paa yanaingia humo tangu Desemba mpaka Aprili. Likijaa, mwaka wako umepona. Mzee alisogeza mfuniko. Maji yalikuwa karibu kabisa na mdomo, meusi, yametulia.

"Ule mwangwi ni humu," alisema. "Naingia Novemba, tangi likiwa tupu, kabla mvua haijaanza. Nina wiki mbili tu. Kazi zangu zote za hapa nyumbani ni za Novemba. Njoo Novemba."

Hapo ndipo niliposema uongo.

"Meneja anakitaka kabla ya mwezi wa saba, Mzee."

"Amesema anakitaka?"

"Anakitaka sana. Amesema bila hicho redio haifunguki."

Ile sentensi ya pili hakuniomba. Niliitoa mwenyewe, bure, kwa sababu niliona uso wake ulivyobadilika kwa ile ya kwanza nikataka ubadilike tena. Aliyatazama maji, akarudisha mfuniko. Akaniambia nirudi Jumamosi baada ya ijayo.

Niliporudi nilisikia makelele kabla sijafika. Ua ulikuwa umejaa wanawake, ndoo, madumu, mabeseni, hata sufuria za shughuli. Mzee alikuwa amewatangazia majirani waje wachote tangi lote liishe. Jirani mmoja mwenye dumu kichwani alipishana nami getini. "Nzee kapata wazimu," aliniambia. "Ntu gani anagawa maji mwezi wa tano?" Alisema hivyo huku anarudi kuchota mara ya nne.

Mzee alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ametulia, akisikiliza ndoo zinavyogonga kuta za tangi. "Sikia," aliniambia. "Bado. Likibaki robo mlio unashuka." Alikuwa anasikiliza studio yake ikifunguka.

Nilitakiwa niseme palepale. Maji yale yalikuwa ya kumfikisha Desemba, ya kunywa, ya kupikia, ya kufulia lile sweta, na mimi mfukoni nilikuwa na tutaona tu. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Pole na kazi, Mzee." Akasema, "Nimeshapoa."

Lilipoisha, alishuka kwa ngazi ya miti akiwa na matambara, akapiga magoti na kukausha sakafu, hakukubali nimsaidie. Alikuwa na kinasa sauti kidogo cha betri, zawadi ya kustaafu, na spika za masikio. Zile redio kaseti zilikuwa zimekufa siku nyingi, kwa hiyo tulikubaliana aimbe kila sauti peke yake, mimi nikaziunganishe kwenye kompyuta ya studio. Nilikaa mdomoni mwa tangi nikichungulia utosi wake. Besi ikatoka ardhini, nene ileile, inatafuna kitu. Ikafuata ya tatu. Ya kwanza ilimshinda mara kadhaa, akaipata mara moja, nyembamba sana, akaikubali. Ya pili haikuja kabisa. Alijaribu, akakohoa, akajaribu.

Kisha sauti yake ikapanda kutoka chini. "Si ulisema mama yako alikuwa mwalimu wa kwaya? Shuka."

Sikuwa nimeimba mbele ya mtu tangu mama afariki. Nilishuka nimeshika khanga kwa meno. Chini mle kulikuwa na ubaridi na harufu ya saruji iliyolowa, na duara la mwanga juu, na ukivuta pumzi tu, ukuta unairudisha. Alinivika spika za masikio, besi yake ikisikika humo, akanionyesha kwa kidole wakati wa kuanza. Niliimba sauti ya pili. Sauti ikanizunguka pande zote kama kuna watu wengine, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini hakuwahi kuhitaji kwaya. Au labda alihitaji. Sikumuuliza.

"Nadhani imekaa," alisema. "Tutajua zikiungana." Tulipotoka akaniambia nisihangaike kumtumia kitu kwenye simu, yake ni ya kitochi. Atasikia redioni. Ataiweka redio dirishani, upande ule mawimbi yanafika.

Niliziunganisha Jumapili mchana, studio ikiwa haina mtu. Zilipoungana nililia. Ilikuwa safi, haina mkwaruzo hata mmoja, na ilikuwa imezeeka. Sauti ya kwanza ilitetemeka kidogo, lakini so ya mwisho ilikuwa palepale, imeacha nafasi. Jumatatu nikamsikilizisha meneja. Alisikiliza mara moja, kwa heshima zote, kidole kikiwa juu ya simu yake.

"Ni nzuri, Mama. Lakini haina nguvu. Vijana hawataielewa."

"Hata hiyo ya alfajiri tu? Alfajiri vijana wako wamelala."

"Tutaona mbele ya safari."

Mwezi wa saba ukaingia. Nikawa nabonyeza kitufe, yule mtu wa Dar ananguruma, kitu kinapasuka, halafu kimya, na mimi natakiwa niseme habari za asubuhi baada ya hapo. Hakuniachia nafasi yoyote. Sikumwamkia. Kilichonitesa zaidi ni kwamba kila nilipofungua maikrofoni nilijua kule Newala redio iko dirishani. Mzee amesikia ngurumo. Labda anajiambia, kesho wataanza. Nilikuwa nazungumza na Kusini nzima na kumwogopa msikilizaji mmoja.

Sikwenda mwezi wa saba. Wa nane nilijiambia mikorosho inapulizwa salfa, kifua changu hakiwezi. Wa tisa sikuwa na kisingizio, kwa hiyo sikujiambia kitu. Nyumbani nikifungua bomba nikaona maji yanavyotoka, nalifunga haraka.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja, waliniletea karatasi za vifo na ya tatu ilitoka Newala. Mzee, mstaafu, mtaa uleule. Nilianza kusoma hewani bila kuwa nimeipitia kwanza, kosa ambalo sikulifanya hata nilipokuwa mgeni, na nilipofika kwenye neno mstaafu nilinyamaza. Redioni kunyamaza ni jambo baya. Meneja alichungulia kwenye kioo. Nilisogeza macho mpaka kwenye kazi aliyokuwa akifanya marehemu: mwalimu. Nikaendelea kusoma. Familia ya yule mwalimu inisamehe, nilifurahi. Nikamaliza zamu, nikaenda stendi moja kwa moja, simu ikiwa na wimbo wetu ndani.

Nilimkuta anaingia uani na baiskeli, madumu mawili ya njano yamefungwa nyuma. Alikuwa amekonda. Majirani walikuwa wamemrudishia maji kidogo kidogo, alisema bila mimi kuuliza, lakini sasa matangi yao nayo yameisha, kila mtu yuko kwenye foleni ya bomba. Nilimsaidia kushusha madumu. Ua wote ulinuka mabibo ya mikorosho yaliyoanza kuchacha. Redio ilikuwa dirishani, waya wake wa antena umefungwa kwenye nondo.

Sikungoja chai.

"Mzee, nilikudanganya. Meneja hakukitaka. Alisema tutaona. Nilimpelekea, amekikataa. Nimeogopa kuja kukwambia, miezi mitatu nimeogopa."

Alikuwa anafungua kifuniko cha dumu. Akamaliza kukifungua.

"Nimefanya kazi redioni tangu nina nywele nyeusi," alisema. "Sijawahi kumwona meneja anayekitaka kitu sana."

"Ulijua?"

"Palepale uliposema."

"Sasa kwa nini uligawa maji yako, Mzee? Kwa nini?" Nilikuwa nimeanza kupiga kelele, kana kwamba yeye ndiye aliyenidanganya mimi.

Alifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha kiganja. "Umekuja nayo?"

Nilimwekea spika za masikio, nikabonyeza. Alifumba macho. Sekunde sita zikapita. Akainua kidole, nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu aliinamisha kichwa upande mmoja na midomo yake ikawa inatembea na besi. Nilikuwa nimefika pale nikitaka anitukane au alie, kimojawapo, ili nirudi Masasi nikiwa nimemaliza.

"Umechelewa," alisema.

"Najua, Mzee. Nisamehe. Ningekuja mwezi wa saba uleule."

"Sizungumzii hiyo. Sauti ya pili. Pale kwenye Kusini, umeingia baada ya besi. Na mimi ya kwanza nimebana mno, inasikika kama nalia."

"Mzee, hakuna redio itakayoipiga."

"Hilo umeshasema." Alikuwa ameshaenda kwenye tangi, anausukuma mfuniko kwa mguu. "Mvua bado, tangi limekauka vizuri. Vua viatu."

Nilivua. Nilitangulia mimi, naye akafuata polepole, mkono mmoja ngazini, mwingine umeshika kinasa sauti, na tukarudia mpaka nikaacha kuchelewa.